Ngumi ya Mtu wa Mwisho

Katika milima ile ya Colorado, watu wanaopanda njia za mawe kwa pikipiki za magurudumu manne husalimiana kwa mkono, na salamu yenyewe ina kazi. Anayetangulia, akikutana na msafara mwingine, huinua vidole kwa hesabu ya watu wanaomfuata: vidole vitatu, watu watatu, kidole kimoja, mtu mmoja. Anayekuja mwisho kabisa huinua ngumi. Ngumi maana yake nimefunga mlango, nyuma yangu hakuna mtu, piteni. Njia ni nyembamba, kona hazionyeshi mbele, na ngurumo ya chombo chako inakuziba masikio usisikie cha mwenzako, kwa hiyo mkono wa mtu ndio unaokwambia uingie au usubiri. Watoto wa kule wanaijua lugha hiyo kabla hawajajua kuandika majina yao.

Lyle Pruett alikuwa ameinua ngumi kwa miaka thelathini na mmoja. Si kwa kupenda. Baba yao, mzee Harlan, ndiye aliyepanga: Royce mbele kwa kuwa ni mkubwa, yeye mzee katikati, na Lyle kitindamimba nyuma, akila vumbi. Mzee alipofariki, katikati pakabaki wazi, lakini mbele na nyuma hapakubadilika. Kila Agosti ndugu hao wawili walikwenda kuvua samaki aina ya trauti katika Ziwa Hatchet, juu kule miti inakokoma, na kila Agosti Royce aliinua kidole kimoja na Lyle akainua ngumi. Wakirudi, uso wa Royce ulikuwa safi kama wa mtu aliyetoka kanisani. Lyle akivua miwani yake alifanana na bundi. Royce alikuwa na mzaha wake ule ule, kwamba Lyle ndiye mtu pekee aliyeumaliza mlima kwa kuula. Watu walicheka, na Lyle alicheka nao. Mtu anaweza kucheka mzaha mmoja miaka yote hiyo na usizoeleke hata siku moja.

Sasa, mwezi wa Julai mwaka huo, Royce alipiga simu kusema amepata mtu wa kununua nyumba ya magogo.

Nyumba hiyo mzee Harlan aliijenga kwa mikono yake pale njia ya mlimani inapoanzia, misonobari aliikata mwenyewe, vyumba viwili na jiko la chuma. Aliwaachia wanawe wote wawili, kwa hiyo kuiuza kulitaka saini mbili. Kwa Royce, mwenye duka lake la majiko mjini na goti lililopasuliwa mara mbili, ilikuwa paa linalovuja kila theluji ikiyeyuka. Kwa Lyle ndiyo ilikuwa dunia. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule mpaka alipostaafu, mkewe alikwishaondoka zamani, na tangu majani mapya ya Mei hadi theluji ya kwanza aliishi pale peke yake, akaridhika. Alijua gogo gani hulia baridi ikiingia. Alijua kulungu wa mlimani wanapitia upande gani asubuhi. Hakutaka kuipoteza nyumba ile, na hakukuwa na jambo jingine alilolitaka.

Tabu ni kwamba tangu azaliwe hakuwahi kumwambia Royce hapana. Hakujua hata neno lenyewe linaanzia upande gani wa mdomo. Akamwambia kaka yake waende kwanza ziwani, halafu wazungumze, akiamini kwamba Royce akikaa pale mahali alipokaa baba yao, na mshipi wake majini, mlima utamsemea. Royce akakubali. Alisema sawa, iwe safari ya kuaga.

Waliondoka alfajiri, kwa sababu mwezi wa nane kule juu mawingu hukaa vileleni ikifika saa sita, na radi ikianza hutafuta chochote kilichosimama. Mwenye akili zake saa hiyo anakuwa ameshashuka hadi kwenye miti. Royce alikagua magurudumu yake, kisha akaja kupiga goti lile bovu kukagua ya Lyle.

"Hizi tairi hazina upepo," alisema.

"Nimezipunguza mwenyewe, kaka. Kule juu ni mawe, lazima zilegee kidogo."

Royce akaleta pampu akazijaza. Lyle, aliyeshika spana tangu ana miaka kumi na sita, alisimama na kikombe chake cha kahawa akimtazama. Alijiambia kwamba mtu anayejali magurudumu yangu hivi hawezi kunitoa nyumbani kwangu. Walipofika kwenye mawe na pikipiki yake ikaanza kurukaruka kama mbuzi, alisimama nyuma ya kona, akautoa ule upepo kimyakimya, akamkimbilia kaka yake.

Kabla ya kufika ziwani kuna kipande kinachoitwa Ukingo. Wachimba madini wa zamani waliichonga njia hiyo ubavuni mwa mlima, upana wa gari moja, ukuta wa jiwe upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu mpaka chini kwenye mto. Katikati yake kuna kona ambayo huoni mbele hata ukisimama juu ya kiti. Chini ya Ukingo pamechongwa mahali pa kupishania. Ukiambiwa kwa mkono kwamba kuna mtu anashuka, unangoja hapo mpaka apite. Na wakikutana watu wawili katikati kwa bahati mbaya, anayeshuka ndiye anayerudi kinyumenyume, kwa kuwa anayepanda akisimama hapo hawezi kuondoka tena kirahisi. Hiyo ni sheria isiyoandikwa popote, na hakuna aliyeivunja akaendelea kukaribishwa kahawa.

Asubuhi hiyo walikutana na vijana wanne wanashuka. Royce kidole kimoja. Lyle ngumi.

Ziwani maji yalikuwa yametulia. Royce alitupa mshipi wake mpya wa bei mbaya tangu saa mbili hadi saa nne, asipate hata wa kumtia moyo. Lyle alikuwa na nzi wa bandia, chambo alichokifunga mwenyewe, manyoya ya kulungu na uzi mwekundu, kama alivyofundishwa na mzee. Mara ya nne kuutupa mshipi, maji yakapasuka. Alikuwa trauti wa asili ya kule, mwenye alama nyekundu chini ya taya utadhani kakatwa na kisu, na alikuwa mkubwa kuliko wote aliowahi kuwatoa. Lyle alimleta polepole, akambembeleza mpaka ukingoni.

"Bahati ya mwenye kuchelewa," Royce alisema, akaenda kukusanya kuni.

Walimkaanga huyo na mwingine mdogo kwa mafuta ya nguruwe na unga wa mahindi. Hapo ndipo Lyle alipofungua mdomo. Alikuwa amejiandaa wiki tatu. Alikuwa na maneno mazuri kuhusu baba yao, kuhusu misumari aliyoinyoosha moja moja ili isinunuliwe mingine, lakini yote yalimtoka kichwani, likabaki moja.

"Kaka, ile nyumba. Mimi sitaki tuiuze."

Royce alitoa mwiba mdomoni akautazama. "Nimeshasaini, Lyle. Karatasi ziko kwenye gari. Imebaki saini yako tu, na jamaa nimeshamwambia utasaini."

"Hukuniuliza."

"Tangu lini nakuuliza?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Alisema kama mtu anayejaribu kukumbuka kweli, kwamba je, iliwahi kutokea. Lyle alisukuma sahani yake kando. Akasema kwamba yeye ndiye anayeishi pale, yeye ndiye anayeziba paa, yeye ndiye aliyemwosha mzee siku zake za mwisho katika chumba kile cha nyuma wakati Royce yuko mjini anauza majiko. Royce alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka sahani chini, akazungumza naye taratibu, kama unavyozungumza na farasi mwoga.

"Mdogo wangu, sikiliza. Wewe ni mtu wa nyuma. Si tusi hilo. Wako watu wa mbele na wako watu wa nyuma, na safari inawataka wote. Ila wa nyuma hachagui njia."

Lyle akasimama, akafunga mshipi wake kwenye pikipiki. "Leo natangulia mimi," alisema.

"Wewe?" Royce akacheka. Kisha akaona mdogo wake hachezi, akatikisa kichwa. "Haya, bwana mkubwa, tangulia. Ila ukifika njia panda unisubiri. Usije ukapotea ukaniongezea kazi."

Kuuzima moto ilikuwa kazi ya Lyle siku zote, kwa kuwa ni kazi ya mtu wa mwisho: unachota maji ya ziwa, unamwaga, unakoroga majivu, unamwaga tena, mpaka uweze kuyawekea kiganja usiungue. Mzee Harlan hakukubali pungufu ya hapo. Siku hiyo wa mwisho alikuwa Royce, na Royce alikuwa na goti. Lyle alimwona anachechemea kwenda majini na sufuria, akawasha pikipiki, akaondoka.

Tuseme ukweli, alifurahi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukuwa na vumbi. Aliisikia harufu ya misonobari, aliyaona maua ya bluu pembezoni ambayo miaka yote aliyaona yakiwa na rangi ya udongo. Akawaza, kumbe ndivyo mlima ulivyo. Kumbe kaka yangu amekuwa akipanda mlima mwingine kabisa. Furaha ikageuka hasira, na hasira ikamkanyagia mafuta.

Kwenye njia panda kanuni ni kwamba anayetangulia anangoja mpaka aione taa ya anayemfuata. Lyle alipunguza mwendo. Akalikumbuka lile neno, usije ukapotea. Akapita. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na yeye alikuwa ameshangoja vya kutosha.

Alipita Ukingo salama. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa vileleni. Alipotokea pale pa kupishania, akamkuta mwanamke amesimamisha pikipiki yake nyekundu, mtu mzima wa umri wake, kofia ngumu kichwani na kitambaa cha maua shingoni. Baadaye alikuja kumjua kwa jina, Darlene Voss, mwalimu mstaafu wa mji wa jirani. Alikuwa akingoja apishwe, kama inavyotakiwa. Mwanamke akainua kidole kimoja, maana mumewe alikuwa nyuma yake hatua hamsini, ameinama anatazama gurudumu lake.

Mkono wa kushoto wa Lyle ukainuka. Hakuuamuru. Akili yake ilikuwa bado kule motoni, ikijibizana na Royce, ikimwambia yale aliyoyasahau. Mkono ukafanya kile ulichokifanya kila Agosti, kila kona, mbele ya kila msafara uliowahi kupita.

Ngumi.

Darlene alimpungia kushukuru, akatia gia, akaingia Ukingoni. Mumewe akamfuata, asiinue hata uso. Lyle akashuka kona tatu mpaka kwenye kijito, na pale majini, alipopunguza mwendo, akajitazama mkono.

Mwenye kutaka kumtetea Lyle amtetee mpaka hapa. Mkono una mazoea yake, na mazoea yana taabu. Lakini pale kijitoni hapakuwa na mazoea. Pale alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minane, na akili zake zimerudi, akijua wazi kwamba watu wawili wanapanda Ukingo wakiamini njia ni tupu, na kaka yake anashuka. Honi alikuwa nayo. Njia ya kugeuzia ilikuwepo. Kona tatu tu.

Akamwona Royce akilini, uso kwa uso na mwanamke yule katikati ya Ukingo. Anayeshuka ndiye anayerudi. Royce Pruett, mtu wa mbele, akirudi kinyumenyume, shingo imepinda, goti linauma, huku mwanamke mwenye kitambaa cha maua anamngoja. Picha hiyo ikampendeza. Akaona na ale mavumbi kidogo na yeye. Akazima pikipiki, akainama, akanywa maji kwa kiganja, akanawa uso, ingawa siku hiyo uso haukuwa na uchafu.

Kisha akasikia honi. Ndefu mara tatu, kimya, ndefu mara tatu tena. Huko milimani hiyo haina maana mbili.

Aligeuza akapanda. Alipofika, Darlene alikuwa amepiga magoti ukingoni akiita chini, na mumewe anateremka kwa kamba. Hapakuwa na mgongano. Royce alikuwa akikimbia mawingu, na pengine akimkimbiza mdogo wake, akaingia ile kona akiwa upande wa ndani, na Darlene naye alikuwa upande wa ndani, ukutani, kama mtu yeyote anayejua yuko peke yake. Royce hakumgonga. Alikata usukani kwenda nje. Mita kumi na tano chini pikipiki ililala miguu juu, na Royce alikuwa pembeni yake, macho wazi, anapumua.

Darlene alisimama. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ulinionyesha ngumi," alisema.

"Kidole kimoja," Lyle alisema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama lilikuwa limekaa mlangoni likingoja. Darlene alimtazama. Alifungua mdomo tena, kisha mumewe akaita kutoka chini kwamba anahitaji watu, na maneno yakaishia hapo.

Helikopta ilimchukua Royce kabla ya mvua. Aliishi siku kumi na moja. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika na mapafu yakajaa maji, lakini kichwa hakikuguswa, na sauti alikuwa nayo mpaka siku ya tisa. Lyle alikaa kando ya kitanda kila siku, upande wa dirisha, na upande wa pili alikaa Connie, mke wa Royce, akifuma kitu cha sufu kisichokuwa na umbo. Kila asubuhi Lyle alijiambia kwamba leo ataniuliza, na akiniuliza nitamwambia. Aliapa. Alikuwa amejiandaa, kama alivyojiandaa kwa habari ya nyumba.

Siku ya nne akaja ofisa wa kaunti na daftari lake, mtu mpole, akaeleza kwamba mama yule anasema aliashiriwa njia ni tupu, na ndugu wa mgonjwa anasema aliashiria mtu mmoja. Hakuna shahidi mwingine. Je, yeye mwenyewe ana la kusema?

Royce alikusanya pumzi. "Huyu mdogo wangu amekuwa wa mwisho tangu tuko vijana," alisema. "Hakuna mtu katika milima hii anayejua maana ya ngumi kuliko yeye. Yule mama anaongopa. Andika hivyo." Akapumzika. "Lyle hawezi kunifanyia hivyo."

Ofisa akaandika. Lyle alikuwa akitazama dirishani. Nje kulikuwa na maegesho ya magari, na mtu mmoja anatafuta gari lake asilione.

Siku ya tisa Royce alimwita karibu.

"Ile karatasi," alisema. "Nimemwambia Connie aichane. Nyumba kaa nayo."

"Kaka."

"Wewe ndiye uliyemwosha mzee. Ulisema kweli." Alifumba macho muda mrefu, Lyle akadhani amelala. "Magurudumu yangu yalikuwa yamejaa mno," Royce akasema. "Pale konani hayakushika. Ulikuwa sawa na hilo pia."

Hakuuliza. Lyle alingoja swali mpaka jioni, alingoja kesho yake, alingoja mpaka wauguzi walipokuja kuzima mashine. Royce alikufa bila kuuliza, kwa kuwa mtu haulizi jambo asilolitilia shaka.

Mazishini watu walimwambia Lyle kwamba angalau hukutengana naye vibaya. Chama cha wapanda milima cha mjini kilikutana kikamwondoa Darlene Voss, mjumbe wa miaka ishirini, na kwa kuwa mji ni mdogo, maneno yakamfuata dukani na kanisani. Wengine walisema hakumtazama mwenzake kwa kuwa alikuwa akishindana na mumewe. Wengine wakasema amezeeka, haoni. Aliuza pikipiki yake nyekundu. Lyle aliyasikia hayo yote kwenye duka la chambo, akanunua uzi, akaondoka.

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata, theluji ilipokwisha njiani, Darlene alikuja kwenye nyumba ya magogo. Alikuja na gari la kawaida, peke yake. Alikuwa amekonda. Lyle alimkaribisha barazani akamtilia kahawa, kwa kuwa alishindwa kufikiri la kufanya jingine, na yule mama akakishika kikombe kwa mikono miwili asikinywe.

"Sikuja kugombana, baba," alisema. "Na simwambii mtu yeyote utakalosema. Mume wangu ameshaniambia niache. Ninachotaka ni kujua tu kama naanza kupoteza akili. Mama yangu alianza hivihivi, kuona vitu. Nakuomba uniambie. Ulinionyesha nini?"

Ndani, jiko la chuma lilikuwa likilia taratibu. Gogo la tatu kutoka mlangoni bado lilikuwa na alama ya shoka la mzee Harlan. Lyle aliona kwamba huu ndio mlango, na kwamba haujafungwa. Ilimtosha kusema neno moja, na neno lenyewe alikuwa amelitenda kwa mkono maisha yake yote. Lakini akalisikia lile la Royce: Lyle hawezi kunifanyia hivyo. Ndilo jambo jema pekee ambalo kaka yake aliwahi kulisema juu yake mbele ya watu, na liliandikwa.

"Kidole kimoja," alisema.

Darlene aliitikia kwa kichwa polepole, kama mgonjwa aliyepewa majibu aliyoyatarajia. Akaweka kikombe juu ya kizingiti. Akamshukuru. Alishuka ngazi akishika ukuta, na alipofika kwenye gari lake alikaa kitambo kirefu kabla ya kuliwasha.

Agosti ilipofika, Lyle akaenda ziwani, kwa kuwa ni Agosti. Alikwenda peke yake. Hakuna aliyekagua magurudumu yake. Hakuna vumbi lililomwingia, wala hakuyaona maua. Alivua tangu saa mbili hadi saa nne akamtoa trauti mmoja, akamtazama, akamrudisha majini. Moto hakuwasha, lakini kabla ya kuondoka aliweka kiganja juu ya jiwe lile la jiko la mwaka jana, lenye weusi bado, akaona ni la baridi.

Mawingu yalikuwa yakipanda mapema siku hiyo. Alishuka Ukingo taratibu, akaipita kona, hakutazama chini. Alipotokea pale pa kupishania, akakuta msafara: mwanamume wa makamo mbele, shati jekundu, na nyuma yake familia nzima imejipanga, wengine bado wanacheka jambo. Mtu yule akainua vidole vinne.

Ilikuwa zamu ya Lyle. Ngumi ilikuwa halali yake sasa. Hakuna mtu nyuma yake, wala hatakuwepo. Safari hii ngumi ingekuwa ukweli mtupu usio na kasoro. Akainua mkono wa kushoto. Vidole vikakataa kufumbana. Alivilazimisha, vikakataa tena. Kikabaki kimoja juu.

Mtu yule akaona. Akageuka akawaashiria watu wake watulie, akazima chombo chake, na wengine wote wakazima mmoja baada ya mwingine.

"Yuko mbali?" akauliza kwa wema.

"Anakuja," Lyle alisema.

Akawapita wote. Mmoja wao, bibi mwenye miwani, alimpungia. Akashuka kona tatu mpaka kwenye kijito, akazima pikipiki, akasikiliza. Alingoja asikie vyombo vyao vikiwashwa. Mvua ilianza kudondoka moja moja juu ya mawe, na kutoka upande wa kileleni radi ikanguruma mara ya kwanza. Juu kulikuwa kimya. Walikuwa watu wenye adabu, bado walikuwa wanangoja.